Inaonekana kwa Nani?

Kiingereza kina neno la herufi mbili linaloweza kutoa hukumu bila kuwepo hakimu. Neno hilo ni "it". Linatokea mwanzoni mwa sentensi kama "It seems that", "It appears that" na "It is clear that", yaani inaonekana kwamba, inaelekea kwamba, ni wazi kwamba. Ukimuuliza mwalimu wa sarufi hiyo "it" ni nani, atakujibu kwamba si mtu wala kitu. Imewekwa pale kwa sababu sentensi ya Kiingereza haipendi kukaa bila kiima. Basi sentensi imepata kiima chake, lakini aliyeona hajatajwa.

Kwa lugha ya darasani, "seem", "appear" na "be" ni vitenzi vishirikishi. Havielezi tendo, vinaunganisha kitu na hali yake. Baada yake kinaweza kufuata kishazi tegemezi, kipande cha sentensi kisichoweza kusimama peke yake. Chukua mfano huu: "It seems that she was not at home that night." Kishazi tegemezi ni kile kinachoanzia kwenye "that". Kisarufi hicho ndicho kinachotegemea, na "It seems" ndiyo sehemu kuu. Ukitafuta maana, mambo yanageuka. Habari yote imo kwenye kile kinachoitwa tegemezi: mama huyu hakuwa nyumbani usiku ule. Sehemu kuu haisemi lolote ila kwamba mahali fulani kuna mtu aliyeona hivyo, na mtu huyo hatujui ni nani.

Ninasoma shahada ya uzamili ya isimu, na nimekulia Kasulu. Darasani sentensi ya namna hii huchorewa mti wenye matawi, kila neno likapewa tawi lake, somo likaisha. Mtu wa nyanda za juu za Kigoma hawezi kuishia hapo. Kwetu, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, sentensi za "inaonekana kwamba" zimeandikwa kwenye mafaili ya maelfu ya watu, na watu hao wamepata makazi au wamepandishwa magari kurudi walikotoka. Kwa hiyo naomba kuliuliza swali hili kama swali la maadili: je, ni haki kusema "inaonekana" bila kusema inaonekana kwa nani?

*

Asiyeijua sehemu yetu apate kwanza picha. Wilaya hizi ziko mpakani na Burundi, na upande wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, iko Kongo. Kambi ya Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo. Kambi ya Mtabila, nayo ya Kasulu, iliwahifadhi Warundi mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya ghasia za kisiasa zilizoanza Burundi mwezi Aprili mwaka huo. Januari 2016 ikafunguliwa tena Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kibondo.

Katika historia hiyo kuna vipindi viwili ambavyo neno "inaonekana" lilifanya kazi mbili tofauti kabisa.

Kipindi cha kwanza ni cha Mtabila. Kabla ya kambi kufungwa, familia zilihojiwa ili kujua ni nani bado anahitaji ulinzi na nani anaweza kurudi Burundi, ambako serikali zote zinazohusika zilisema amani imerejea. Zaidi ya watu 30,000 walionekana hawahitaji tena ulinzi. Wachache, chini ya 3,000, walionekana bado wanauhitaji, wakahamishiwa Nyarugusu. Nimeandika "walionekana" kwa makusudi, kwa sababu huwezi kuieleza habari hii bila neno hilo. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo. Ninachokumbuka ni misafara ya magari barabarani na magodoro yaliyofungwa juu ya mizigo. Mtoto hajiulizi nani kaona nini. Anapunga mkono tu.

Kipindi cha pili ni cha mwaka 2015. Warundi walivuka mpaka kwa wingi kiasi kwamba kumhoji kila mmoja peke yake kusingewezekana. Walipokewa kwa utaratibu ambao wanasheria wanauita kwa Kilatini "prima facie". Maana yake, neno kwa neno, ni "kwa mwonekano wa kwanza". Ukitoka nchi ile, wakati ule, unaonekana kuwa mkimbizi, na mwonekano huo unatosha mpaka utolewe ushahidi wa kinyume. Utaratibu huo ulidumu mpaka Januari 2017, serikali ilipousitisha kwa Warundi. Tangu hapo anayeingia alitakiwa kuhojiwa mwenyewe, na kueleza kwa maneno yake kwa nini anaogopa.

Tazama jambo hili. Mwaka 2015 "inaonekana" ilifungua mlango. Kwenye barua ya mtu aliyekataliwa, "inaonekana" ile ile inaufunga. Sarufi haikubadilika hata kidogo. Kitenzi ni kile kile, kishazi kinafuata vile vile, na aliyeona hatajwi katika sentensi zote mbili. Kilichobadilika ni mtu anayebeba hasara endapo mwonekano si sahihi.

Mtu akipokewa kwa mwonekano wa kwanza, kisha ikagundulika kwamba hakuwa mkimbizi, hasara inamwangukia mwenyeji: hema moja, mgawo wa chakula, eneo la kukata kuni. Sisi wa Kasulu hatuwezi kuiita hasara hiyo ndogo, maana tumeiona misitu ikipungua na tumegombania mashamba. Hata hivyo ni hasara inayoweza kuhesabiwa, na hugawanywa kwa watu wengi. Mtu akirudishwa kwa sababu "inaonekana" hana cha kuogopa, kisha ikawa alikuwa nacho, hasara yote ni yake. Hagawani na mtu.

Hapo ndipo ninapoanza kulijibu swali langu. "Inaonekana" haina dhambi yenyewe. Uzito wake wa kimaadili unatokana na mambo mawili ambayo sentensi inaruhusu yafichwe: nani ameona, na nani atalipa ikiwa ameona vibaya. Mwonaji na mlipaji wakiwa mtu mmoja, neno hili ni la busara. Ni mkulima anayesema inaonekana mvua zitawahi, akapanda maharage yake mapema. Wakiwa watu wawili, na mwonaji amejificha, neno limeanza kufanya kazi nyingine.

*

Ningependa kusema kwamba hili ni tatizo la Kiingereza, nikamaliza. Wapo wanaosema hivyo: lugha ya wageni ni baridi, lugha zetu zina utu. Si kweli, na mtu wa Kigoma ana sababu ya kujua kwamba si kweli.

Miaka michache iliyopita mjomba wangu alikwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi aliyoihitaji. Amezaliwa bondeni kwetu, baba yake amezikwa huko, na Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kiha. Kijana aliyekuwa mezani alimsikiliza, akafunga faili, akasema, "Mzee, inaonekana wewe si raia." Mjomba akamuuliza, "Inaonekana kwa nani, mwanangu?" Kijana akajibu kwamba hayo yametokana na maelezo. Mjomba akarudi nyumbani, akaanza kutafuta cheti cha ubatizo, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na wazee wa kumshuhudia. Ilichukua miezi. Kila aliyekulia karibu na mpaka ule ana mjomba wa namna hiyo, au yeye mwenyewe ndiye mjomba.

Hapo hapakuwa na Kiingereza hata neno moja. Ilikuwa "inaonekana" ya Kiswahili, na ile "i" ya mwanzo haina mwenyewe kama "it" isivyo na mwenyewe. Kiswahili cha ofisini kimejaa ndugu zake: imebainika kwamba, imeonekana kuwa, imethibitika kwamba. Mtu yule yule anayesema "naona" akiwa na wenzake kwenye chai ya saa nne, akirudi mezani anaandika "imeonekana". Njiani kati ya kikombe na karatasi, mtu amepotea.

Na wenyeji tusijitoe. Baiskeli ikiibiwa kijijini, kabla ya jioni utasikia "inasemekana ni watu wa kambini". Inasemekana na nani? Ukifuatilia utakuta aliyesema ni mmoja, tena hakuona kitu. Maneno yamepita vinywa kumi, na kila kinywa kimeyapokea kana kwamba yametoka kwa umma. Mkimbizi anayesakwa kwa ajili ya baiskeli hiyo analipa deni la mwonaji asiyekuwepo, kama mjomba alivyolipa kwa miezi ya kutembea.

*

Hata hivyo lugha hazifanani katika namna zinavyomficha mwonaji, wala katika namna zinavyomtoa nje. Tofauti hizo ndizo zinazowaumiza watu wakati wa mahojiano.

Tuanze na Kiswahili. Neno "kwamba" lina asili ya kitenzi cha zamani -amba, maana yake kusema. Bado kinasikika ndani ya "kuambia" na "kuambiana". "That" ya Kiingereza ina asili nyingine: ni neno la kuonyeshea, kama "ile". Kwa hiyo mahali ambapo Kiingereza kilianza kwa kunyoosha kidole, Kiswahili kilianza kwa kufungua kinywa. Sitaki kulijengea jambo hili ghorofa, kwa sababu asili ya neno haimfungi anayelitumia leo, na karani anayeandika "imebainika kwamba" hafikirii habari za kusema. Lakini inapendeza kujua kwamba ndani ya kila "kwamba" aliwahi kuwepo msemaji.

Katika Kiha chetu na Kirundi, lugha ambazo wasemaji wake wanasikilizana bila shida kubwa, msemaji huyo bado yupo hai. Kuna "ko" na kuna "ngo". "Yavuze ko arwaye" ni amesema kwamba anaumwa. "Yavuze ngo ararwaye" nayo inaweza kutafsiriwa hivyo hivyo, lakini si sawa. Kwa "ko", mimi ninayeleta habari ninakwenda nayo pamoja. Kwa "ngo", ninaiweka mbele yako na kurudi nyuma hatua moja: hayo ni yake, mimi nimeyaleta tu. Mwaka 1974 wanaisimu Talmy Givón na Alexandre Kimenyi waliandika makala kuhusu ukweli, imani na shaka katika Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa lugha hizi, wakaonyesha kwamba uchaguzi wa neno dogo kama hili unabeba msimamo wa msemaji kuhusu ukweli wa anachokisema.

Nilipoisoma makala hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Hakuwahi kusoma isimu, lakini kama hukuona jambo kwa macho yako hakukuruhusu ulieleze bila "ngo". Ukisahau anakukatiza: ulikuwepo? Kwake "ngo" haikuwa alama ya dharau. Ilikuwa adabu ya kumwambia msikilizaji habari imetoka wapi, ili naye ajue aibebe kwa mkono mmoja au miwili.

Sasa mpeleke mwanamke mwenye adabu hiyo kwenye mahojiano. Mfano huu nimeutunga, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Ametoka Ruyigi, eneo la Burundi linalopakana na Kibondo. Anaulizwa kwa nini mumewe alitoroka. Usiku ule yeye alikuwa kwa dada yake; habari aliipata asubuhi kwa jirani. Anasema, "Ngo baje kumurondera mw'ijoro." Wamekuja kumtafuta usiku, na mimi nimeambiwa.

Mkalimani ana nusu dakika. Akisema kwa Kiswahili "Eti walikuja kumtafuta usiku", ameshamdhihaki bila kutaka, maana "eti" yetu mara nyingi hubeba kejeli. Akisema "Inasemekana walikuja", amemgeuza mke wa mtu kuwa mtangazaji wa redio. Akisema "Walikuja kumtafuta usiku", amemfanya shahidi wa jambo ambalo hakuliona, na mahojiano yajayo akisema hakuwepo nyumbani ataonekana amejikanusha. Bora zaidi pengine ni "Nasikia walikuja". Kisha maneno yanaingia kwenye Kiingereza cha ripoti: "It seems that they came looking for him at night."

Simama kwenye sentensi hiyo. Inaonekana kwa nani? Kwa mama? Yeye hakusema inaonekana, alisema ameambiwa. Kwa jirani? Jirani hakuonekewa, aliona. Kwa mkalimani? Kwa mwandishi wa ripoti, ambaye ana mashaka yake? Msomaji wa tatu, anayeketi mbali na Kibondo na kuamua kwa kusoma karatasi, hana njia ya kujua. Ataona tu kwamba sentensi imelegea. Unyofu wa mama katika kueleza chanzo cha habari yake umegeuka kuwa udhaifu wa ushahidi. Na mwenzake, ambaye hana adabu ya "ngo" na amesimulia ya kusikia kama ya kuona, faili lake litasomeka imara.

Hapo pana dhuluma ambayo hakuna aliyeikusudia. Mkalimani hakudanganya. Mwandishi aliandika Kiingereza sanifu. Kila mmoja alifanya kazi yake, na kipande cha ukweli ambacho mama alikilinda kuliko vyote, yaani amejuaje, kimedondoka njiani.

*

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina nguvu. Afisa anaweza kusema hivi: uamuzi huu si wangu binafsi. Mimi ni kiungo cha taasisi. Nikiandika "naona", nimeifanya sheria kuwa suala la macho yangu, na macho yangu yana upendeleo. Tena naishi hapa hapa Kibondo, nakutana na watu hawa sokoni. Nikijitaja kila mahali, kesho atakuja mtu kunibembeleza au kunitisha. "Inaonekana" inanilinda mimi, na inamlinda mhojiwa dhidi yangu. Isitoshe ni neno la unyenyekevu. Ningeweza kuandika "Anadanganya". Nimeandika "Inaonekana maelezo hayalingani", nimeacha nafasi ya kukosea.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Uamuzi ni wa taasisi na unastahili kuandikwa kwa jina la taasisi. Na ni kweli kwamba neno linalopunguza uhakika ni bora kuliko neno linaloukuza bila sababu. Lakini kuona si kuamua. Taasisi inaweza kuamua. Haiwezi kuona, haina macho. Kila penye "inaonekana" pana mtu mmoja au wawili walioketi chumbani, wakasikia sauti ikitetemeka au isitetemeke, wakatoa maana. Mtu huyo hahitaji kutajwa kwa jina. Inatosha ifahamike yupo, na aliona nini hasa.

Na kuhusu unyenyekevu: mwenye shaka ya kweli hulipia shaka yake. Kitabu cha mwongozo cha shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1979, kinaeleza kwamba ni vigumu kwa mkimbizi kuthibitisha kila kipande cha habari yake, na kwa hiyo mara nyingi inabidi shaka iliyobaki imfae yeye. Huo ni unyenyekevu wenye matunda: sina hakika, kwa hiyo sitakutupa. Ukiandika "inaonekana" kisha ukatoa uamuzi ule ule ambao ungeutoa kama ungekuwa na hakika, shaka yako ilikuwa pambo.

Linganisha na zahanati ya kijiji. Mtoto ana homa, mhudumu anasema inaonekana ni malaria. Siku hizi haishii hapo. Anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, wanasubiri, na mistari inajitokeza. Mama akiuliza, anaonyeshwa. "Inaonekana" ya zahanati inaweza kurudiwa na macho mengine. Ile ya chumba cha mahojiano huonekana mara moja, na kwa watu wale tu. Kadiri kuona kunavyokuwa kugumu kurudiwa, ndivyo mwonaji anavyowiwa kueleza zaidi alichokiona. Ofisini kwetu mambo yamekaa kinyume: palipo na kipimo tunaonyesha, pasipo na kipimo tunasema tu inaonekana.

*

Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alitumia miaka mingi kuwaza juu ya maneno madogo kama haya. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alitetea wazo lililowashtua wengi: kwamba ukweli ni maoni. Hakuwa akisema kila mtu ana ukweli wake na basi. Alikuwa akisema kwamba hakuna dai la ukweli linalotoka pasipo na mtu; kila dai lina mahali liliposimama, na kumwita mtu atoe sababu ni kumrudisha pale aliposimama. Baadaye aliandika kuhusu lugha yake ya Kiakan, akaonyesha kwamba baadhi ya mafumbo ya falsafa ya Kiingereza, kama uhusiano wa "truth" na "fact", hayawezi hata kuulizwa sawasawa katika Kiakan, kwa sababu lugha hiyo haiyatenganishi mambo hayo mawili kwa maneno tofauti. Msomaji wa Kiswahili atamwelewa upesi. "The truth is that" na "The fact is that" zote kwetu ni "Ukweli ni kwamba".

Mtu anaweza kumpinga Wiredu kwamba ukweli haubadiliki kwa sababu ya mtazamaji: ama watu walikuja usiku ule Ruyigi, ama hawakuja. Ni kweli. Lakini kwenye faili hakuna usiku wa Ruyigi. Kuna watu wanaosema. Mama amesema, jirani amesema, mkalimani amesema, mwandishi amesema. Ukiwafuta wote ukaacha "it", hujaukaribia ukweli wa usiku ule. Umeondoa tu ngazi ambayo mtu mwingine angeweza kupanda kuufuata.

Ndiyo maana nadhani jibu la swali langu ni hili. Si haki kusema "inaonekana" bila mwonaji pale ambapo mwingine ndiye atakayelipa. Kiingereza chenyewe hakikatazi kumtaja. "It seems to me that" ni sentensi safi, imezidi kwa maneno mawili tu. "It seems to us, because of the following" ni safi pia. Kiswahili kina "naona", kina "tumeona", kina "ameambiwa na jirani". Kirundi kina "ngo", na mkalimani akipewa muda anaweza kusema: mama anasema aliambiwa. Hakuna lugha kati ya hizi tatu inayomlazimisha mtu kujificha. Zinaruhusu tu, na sisi tunapokea ruhusa.

Tena Kiswahili kina neno ambalo sijawahi kuliona kwenye barua yoyote ya uamuzi: "kumbe". Anayesema "kumbe" anakiri mambo mawili kwa mkupuo mmoja, kwamba jambo liko hivi, na kwamba yeye mwanzo alidhani vingine. "It turns out that" ya Kiingereza inakaribia, ila pale jambo ndilo linalogeuka, msemaji kasimama palepale. Miezi ile ilipokwisha, mjomba alipata karatasi yake. Ilikuwa imepigwa muhuri vizuri, jina limeandikwa sawasawa. Hakuna mahali palipoandikwa kumbe.

Watakaosoma sarufi baada yetu, na hasa watakaokuwa wakalimani kambini au popote watu wanapohojiwa, wafundishwe hivi vitenzi vishirikishi na vishazi vyake, na mti wenye matawi wauchore. Kisha wafundishwe maswali mawili ya kuuliza kila "It seems that" inapopita mezani: nani ameona, na nani atalipa. Mama wa Ruyigi katika mfano wangu hakusubiri kuulizwa. Kwa silabi moja aliwaambia wote chumbani kwamba hakuona, ameambiwa. Faili lililomhusu halikumrudishia hata hilo.